Kompyuta haiumizi, kinachoumiza ni kutulia

Habari za mchana wote, karibuni sana. Waliosimama kule nyuma, kama miguu inaruhusu bakini mmesimama hivyohivyo, na mliokaa mkijisikia kunyanyuka nyanyukeni tu, sitaona mmenidharau.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kazi yangu ni misuli na viungo, na siku hizi wengi wanaokuja kwangu hawajaanguka, hawajabeba mzigo, wamekaa tu. Anaingia kijana kabisa ameshika shingo, ukimuuliza umefanya nini anakujibu sijafanya kitu. Na kweli hajafanya kitu, masaa nane, tisa, kumi, kilichotembea mwilini mwake ni vidole na macho basi.

Kabla sijafika mbali nitoe kwanza hofu moja maana kila ninapoongea hili swali lazima lije, mionzi. Watu wanaogopa kwamba kioo cha kompyuta kinatoa mionzi inayoua macho. Jamani, ule mwanga wa bluu unaosemwa ni kidogo sana ukilinganisha na unaoupata ukitoka nje mchana hata kukiwa na mawingu, na hakuna ushahidi kwamba mwanga wa skrini unaharibu jicho. Kuhusu ile miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, hawa ni watu wanaokusanya majaribio yaliyofanyika juu ya jambo moja wanayapima kwa pamoja, walipitia majaribio 17 wakaona kwa uchovu wa macho inaelekea haina tofauti na miwani ya kawaida. Kwa hiyo kama umeinunua ukaona macho bado yanachoma, sio kwamba ulipewa feki.

Sasa mbona yanauma? Hapa naomba tukae kidogo. Mtazame mtu wa pembeni yako akiwa anaongea na wewe, anapepesa macho kama mara 15 mpaka 20 kwa dakika. Halafu mtazame huyohuyo akiwa amezama kwenye skrini, inashuka mpaka nusu, wengine chini ya hapo, na hata anapopepesa kope mara nyingi haifiki chini, inaishia katikati inarudi juu. Pembeni ya kope kuna vitezi vidogo vya mafuta, kila ukipepesa kope inakamua mafuta kidogo inayatandaza juu ya machozi ili yasikauke haraka. Usipopepesa, au ukipepesa nusunusu, hayo mafuta hayatoki vizuri, machozi yanakauka, jicho linawasha, linakuwa jekundu, unahisi kama kuna mchanga ndani. Na kuna wanaoshangaa, mbona mimi macho yananitoka machozi muda wote, halafu daktari anasema ni makavu? Ni hivyo hivyo, jicho likikauka linaungua, likiungua mwili unamwaga machozi mengi kulisaidia, ila hayo ni maji tu hayana mafuta ya kutosha, yanateremka shavuni jicho linabaki vilevile.

Na ndani ya jicho kuna msuli unaokaza ili uone vitu vya karibu. Ukitazama skrini masaa matatu mfululizo huo msuli umekaza masaa matatu, ndio maana jioni ukiangalia mbali unaona ukungu kwa muda. Kwa hiyo kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, hizo namba zimepangwa hivyo zikumbukwe kirahisi, cha msingi ni msuli uachie na upepese mara kadhaa kope zikifunga kabisa. Feni au eisi isikupulize usoni. Na skrini ikae chini kidogo ya usawa wa macho, kwa sababu ukitazama chini kope inafunika sehemu kubwa zaidi ya jicho, halikauki haraka.

Waliovuka miaka 40 nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa na mama mmoja mhasibu, kichwa kinamuuma kisogoni kila siku kuanzia mchana, amemeza dawa mpaka amechoka, kichwa kimepigwa picha hakuna kitu. Nikamwambia nataka nikuone ukifanya kazi. Nikasimama pembeni ya meza yake, na kila akitaka kusoma kitu kwenye skrini ananyanyua kidevu juu. Kila mara, mwenyewe hajui. Miwani yake ilikuwa ile yenye sehemu mbili, ya kusomea iko chini, sasa ili asome kioo kilicho mbele yake inabidi ainue uso mzima, kutwa nzima shingo imekunjwa kwa nyuma. Tukashusha skrini chini kabisa, akaenda akatengenezewa miwani nyingine ya umbali wa mkono mmoja, ya kufanyia kazi tu, na kile kichwa kikaisha. Hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingeonyesha hiyo, ilibidi mtu asimame amtazame.

Shingo sasa. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, kikikaa wima juu ya mabega misuli haihangaiki sana, kikianza kuinama misuli ya nyuma inakishika kisidondoke. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo kule New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu akapata kwamba ukiinama nyuzi 60 mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 27. Ni hesabu ya kwenye modeli ya kompyuta sio kipimo cha watu wenyewe, kwa hiyo msitishike, shingo imeumbwa kuinama. Shida ni kuinama ukabaki hapo. Na laptopu ndio mbaya zaidi kwenye hili maana kioo na kibodi vimeshikana, ukiweka kibodi pazuri kioo kiko chini mno, ukiinua kioo mikono inaning'inia hewani. Kama laptopu ndio kazi yako ya kila siku iinue juu ya vitabu, chomeka kibodi na mausi za pembeni, basi, hiyo inasaidia wengi kuliko kiti cha gharama.

Mikono nitaisema haraka ila kuna kitu nataka mtoke nacho. Ukipata ganzi, angalia ni vidole gani. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na unaamka usiku unakung'uta mkono, hiyo ni neva inayopita kwenye kifundo cha mkono inabanwa. Kama ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, tatizo mara nyingi liko kwenye kiwiko, na wengi wanalipata kwa kuegemeza viwiko kwenye ncha ya meza kutwa nzima. Halafu msikimbilie kulaumu kibodi, ganzi ya kifundo inaletwa pia na kisukari, na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na ujauzito, kwa hiyo nenda ukapimwe.

Na haya mambo sio mapya. Zaidi ya miaka 300 iliyopita kulikuwa na daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu magonjwa ya makarani, akasema yanatokana na vitu vitatu, kukaa muda wote, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazwa ili wasikosee kwenye mahesabu. Hakukuwa na umeme, wala skrini, lakini kamtaja mhasibu wangu vilevile alivyo.

Twende kwenye kukaa kwenyewe. Kati ya pingili za mgongo kuna diski, na diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu, chakula chake inakipata kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji, ikibanwa inatoa ikiachiwa inanyonya. Ukikaa vilevile masaa sponji imebanwa haijaachiwa. Miguu nayo, vigimbi ndio vinasukuma damu irudi juu, visipocheza damu inatuama. Na moyo haujasalimika, mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi London, madereva waliokaa kutwa walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa, kampuni ileile, basi lilelile.

Habari njema ipo. Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi wa watu zaidi ya milioni moja, wanaokaa zaidi ya masaa nane kwa siku lakini wanafanya mazoezi ya wastani, kutembea haraka kwa mfano, dakika 60 mpaka 75 kila siku, ile hatari ya ziada ya kufa mapema inaonekana kuondoka. Najua saa nzima ni nyingi kwa mtu anayetoka kazini usiku, ila hata kidogo ni bora kuliko sifuri, anza na kunyanyuka. Simu ikiita simama, printa iweke mbali, maji weka chupa ndogo ili iishe uende ukajaze.

Na hapa niseme na mabosi, maana tunawaambia wafanyakazi nyanyukeni nyanyukeni wakati mtu akiacha kiti dakika tano anaulizwa alikuwa wapi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa takwimu mwaka 2021, kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17 ukilinganisha na masaa 35 mpaka 40. Hilo halitibiwi na mto wa mgongo. Mkipanga kikao cha masaa mawili kikateni katikati, ukimtumia mtu kazi saa tatu usiku jua unamkatia usingizi, na mimi huyo mtu nitampokea baada ya miezi akiwa na maumivu ambayo dawa haiyawezi.

Mwisho, kuna mambo ambayo sio ya kunyoosha shingo wala kungoja siku ya kliniki. Mguu mmoja umevimba, unauma, una joto kuliko mwenzake, hasa kwenye kigimbi, inaweza kuwa damu imeganda, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama na pumzi inakatika au kifua kinabana usisubiri hata saa moja. Mgongo unauma halafu unapata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, hiyo pia ni dharura, watu wanaona aibu kuisema wanakaa nayo siku tatu nne, na neva zilizobanwa hivyo zikichelewa huwa hazirudi zote.