Handaki Kwanza, Lango Baadaye

Mabibi na mabwana, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: bustani ya wanyama ianze na handaki, yaani mfereji mpana na wenye kina unaomtenga mnyama na mgeni. Mnaniletea michoro ya lango lenye pembe za ndovu za saruji, nikiuliza simba atazuiwa na nini, naonyeshwa seng'enge.

Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Ujerumani, aliondoa vyuma vya vizimba na kuweka mahandaki pale Stellingen, Hamburg, mwaka 1907. Joe Rohde na wenzake waliobuni Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani na wanyama iliyofunguliwa Florida, Marekani, tarehe 22 Aprili 1998, waliendeleza wazo hilo: kizuizi kipo, ila mgeni hakioni, kwa hiyo anajihisi yeye ndiye aliyeingia kwa mnyama. Hata kijiji chao cha Harambe, kilichoiga miji ya Pwani yetu, kilitiwa nyufa makusudi ili kionekane kimekaliwa na watu miaka mingi.

Sasa handaki lenyewe. Upande wa mnyama ni mteremko, upande wa mgeni ni ukuta wima. Kwa simba, upana wa juu usipungue mita 7 na nusu. Mteremko ni wa nini? Mnyama akiteleza apande mwenyewe arudi kwake. Ukisimamisha kuta wima pande zote mbili umechimba mtego, na twiga akivunjika mguu mle ndani, haponi. Ukingo ufiche kwa vichaka vya leleshwa, lakini mti wenye tawi la kuvuka usiuache. Chui msimwekee handaki peke yake; huyo anataka wavu mpaka juu.

Mtasema Nairobi hatuna pesa. Kuchimba si ghali, ghali ni maji. Udongo wetu mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na kila msimu unausukuma ukuta uinamie ndani. Basi uondoeni nyuma ya ukuta, mjaze kokoto, mwache matundu ya kutolea maji sehemu ya chini. Sakafu iinamie upande mmoja, kwenye shimo la pampu lenye kifuniko cha wavu wa chuma. Handaki likijaa mita 2 kwa mvua ya Aprili, ukuta wenu umepungua mita 2, na simba anajua kuogelea. Matope nayo hupandisha sakafu kidogo kidogo. Zoeni kabla ya Machi na kabla ya Oktoba.

Naona muda unanikimbia. Njia ya wageni ipinde, mtu asimwone tembo na matatu kwa mtazamo mmoja. Vyumba vya wanyama vya usiku viwe na milango miwili, wa pili usifunguke kabla wa kwanza haujafungwa, na komeo lionekane kutoka nje, mtunzaji alikague kabla hajatia mguu.