Msimwambie "Tulia": mhadhara juu ya ugonjwa wa Huntington

Assalam aleikum, na habari za jioni. Nashukuru mmejaa hadi barazani.

Mtu anatoka kwake kwenda sokoni Kongowea, hapa Mombasa. Hatua moja ndefu, nyingine fupi, bega linapanda, vidole vinachezacheza. Ni saa tatu asubuhi na makanga keshauliza amekunywa nini. Nyumbani wanasema ana pepo. Hajaonja pombe, wala hana jini. Ana ugonjwa wa kurithi ambao daktari Mmarekani, George Huntington, aliueleza mwaka 1872. Jeni yake ikajulikana 1993. Mzazi akiwa na jeni hiyo yenye kasoro, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Dalili mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu keshazaa.

Familia hulalamika: tunamwambia atulie, hatulii. Hawezi! Sehemu ya ndani ya ubongo inayozuia miondoko isiyotakiwa inakufa polepole. Ukimkaripia, hasa mbele ya wageni, mwili unazidi kucheza. Wasiwasi ndio kuni zake. Akilala, karibu yote hutulia. Tena mara nyingi mwenyewe hahisi kwamba mwili unamcheza, basi akikana msimwite mwongo.

Mambo mengi yako kwenye chakula, na sisi Wapwani tunakula mkekani. Kukaa chini bila egemeo kunamchosha sana. Mpeni kiti kizito chenye mikono. Cha plastiki atapinduka nacho. Mshiko wake hulegea ghafla: ameshika glasi, mara iko sakafuni. Chai iwe nusu kikombe, isiwe ya moto, na kikombe kiwe na kifuniko. Wali mkavu humpalia. Ulainisheni kwa mchuzi mzito. Hata maji matupu huweza kupita njia ya hewa yakaingia mapafuni, na nimonia inayotokana na hayo ni miongoni mwa mambo yanayowaua wengi. Zimeni redio, msimsemeshe akitafuna. Na mwongezeeni: mwili usiotulia kutwa unatumia nguvu nyingi, anakonda huku anakula. Tui zito msilionee haya.

Mbuzi ya nazi na karai la mafuta, washike wengine. Kuswali, aswali amekaa. Ferini Likoni asiende peke yake, na umati utangulie kushuka.

Kipimo cha jeni kikionyesha hana, msifunge faili. Upo ugonjwa unaofanana nao sana, wa jeni nyingine, unaoonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Muulizeni daktari.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Zipo za kupunguza miondoko, mfano tetrabenazini, lakini hiyo yaweza kumtia mtu huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua. Akianza kujitenga, hataki kuongea, hataki mtu, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Na dawa msimkatizie wenyewe.