Kiungo cha Taya na Mzigo Tunaokitwika

Ndugu zangu, kabla sijaendelea, naomba kila mtu atulie hivyo alivyo. Sasa jichunguze: meno yako ya juu na ya chini yamegusana? Naona wengi mmeshtuka. Taya likipumzika, midomo hufumbwa lakini meno huachana kidogo. Hukutana tunapotafuna na kumeza, na ukijumlisha siku nzima kwa kawaida haifiki nusu saa. Anayebana meno ndani ya matatu, mbele ya kompyuta au akiwaza karo ya watoto, anakitwika kiungo kazi ya saa nyingi isiyokuwa yake.

Weka ncha ya kidole mbele ya sikio, kisha fungua mdomo polepole. Hicho kinachosogea ni kichwa cha mfupa wa taya. Kwanza huzunguka papo hapo, halafu huteleza mbele. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha nyuzinyuzi, na mifupa yenyewe imevikwa gegedu, yaani utando mgumu wenye kunyumbulika unaozuia mifupa isisagane. Katikati ya kisahani hamna mishipa ya damu wala ya fahamu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husambaa vizuri mzigo unapopanda na kushuka. Ukibana bila kuachia, lishe hiyo hupungua. Tena, kwa kuwa hapo hakuna fahamu, uharibifu unaweza kuanza kimyakimya. Ukizidi, gegedu hulika, kichwa cha mfupa hupoteza umbo lake la mviringo, na pembeni huota vijifupa.

Hapa Mombasa siwezi kuzungumzia taya nikaacha miraa na muguka. Mtu huketi tangu alasiri hadi usiku, majani yamejazwa shavu moja, na juu yake chingamu na njugu. Majani ni laini, ni kweli, lakini kinachoumiza ni muda. Na kuna jambo wengi hawalijui: ukitafunia kulia, mara nyingi kiungo cha kushoto ndicho kinachobanwa zaidi. Ndiyo maana mtu huja akisema, “Daktari, upande huu siutumii kabisa, mbona ndio unaouma?” Aliyepoteza magego ya upande mmoja naye anaweza kufikwa na hayo hayo, kwa hiyo pengo la gego lisidharauliwe kwa sababu tu halionekani ukicheka.

Taya likialika bila maumivu na mdomo unafunguka vizuri, usihangaike. Wengi wako hivyo na hawahitaji tiba. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, njoo tuangalie, maana huenda gegedu limeanza kukwaruzika.

Maumivu yakianza, lipumzishe taya kwa wiki chache: uji, wali laini, ndizi za kupikwa, samaki. Acha muwa, barafu na chingamu, na tafadhali, soda ina kifungulio chake. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu shavuni kwa dakika 15 au 20 hulegeza misuli. Ukipiga miayo, shikilia kidevu. Anayesaga meno usingizini anaweza kutengenezewa kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku. Haimwachishi kusaga, ila hulinda meno na kupunguza nguvu inayofika kwenye kiungo. Lakini mtu akitaka kukukwangua meno mazima ili “kusawazisha taya”, uliza kwanza, tena uliza kwa daktari mwingine. Jino likishakwanguliwa halirudi, na maumivu mengi ya taya hutulia kwa hatua hizi nyepesi.

Jipimeni sasa hivi: vidole vitatu vyako mwenyewe, vilivyosimamishwa, viingie kati ya meno ya mbele. Kama jana viliingia na leo haviingii, usilazimishe wala usikubali mtu akuvute taya nyumbani. Nenda ukaonwe na daktari wa meno wiki hiyo hiyo. Na mdomo ukifunguka ukagoma kabisa kufumba, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo misuli inavyokaza na kulirudisha taya mahali pake kunakuwa kugumu.