Bonyeza Vitufe Vitatu Kwanza, Pesa Baadaye

Asanteni, kaeni. Hii nimeisema mara nyingi na leo naisema tena, kwa sababu watu bado wanalipia vitu hawahitaji. Kabla hujaiongezea kompyuta ya nyumbani chochote, jua ni wapi inakungojesha. Basi.

Kuna mama jirani yangu kule Umoja, Nairobi, anataipia wanafunzi kazi zao nyumbani. Laptopu yake ukiiwasha asubuhi unapika chai, unakunywa, unarudi unakuta bado inazunguka tu. Akaenda kwa fundi mmoja mjini, akaambiwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imezeeka, alete elfu kumi na mbili, na juu yake anunue programu ya kuongeza spidi. Akaja kuniuliza kama akope kwa chama. Nikamwambia mama, ngoja kwanza. Tukaiwasha, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager, ile dirisha ya Windows ya kuonyesha nani ana kazi kiasi gani, ikafunguka tukasoma wote wawili: prosesa asilimia 9, diski, pale faili zinakaa, asilimia 100. Mia! Na ukiweka sikio karibu na kibodi unaisikia huko ndani, krr krr krr.

Hiyo ni diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, ina kamkono kanasogea kutafuta kila faili, kila safari inakula kama milisekunde 12 hivi, kwa hivyo kwa sekunde moja inafika safari 80 tu na Windows ikiamka inataka vijifaili maelfu. SSD, ile diski ya chipu tupu, haina mkono wala kitu cha kuzunguka, safari kama hizo inapiga maelfu kwa sekunde. Na prosesa hapo inafanya nini? Inangoja! Ni kama matatu imekwama kwa jamu ya Jogoo Road halafu mtu anakuja kukuuzia injini kubwa. Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, alishaipiga hii hesabu mwaka wa 1967: kama prosesa ndiyo inachukua asilimia 10 ya muda unaongoja, hata upate ya kumaliza kazi papo hapo umeokoa hiyo 10, ile 90 utaingoja vile vile.

Tukashuka Luthuli, kwa maduka ya elektroniki mjini, tukanunua SSD ya gigabaiti 256, tukahamisha kila kitu. Siku hizi inawaka kabla hajavuta kiti vizuri.

Najua kuna kijana hapo nyuma anataka kuniambia, si angeongeza ramu, ile kumbukumbu ya kushika kazi zilizofunguliwa? Uliza ile Task Manager, usiniulize mimi. Ramu ikikaa asilimia 90 kwenda juu na unafanya kazi zako za kawaida, ongeza, kutoka gigabaiti 4 hadi 8 utasikia tofauti. Ikikaa 50, ramu mpya italala tu. Mtoto wa yule mama naye alipoona laptopu imechangamka akataka tuendelee, tuzime hii, tuovakloki ile, yaani tuilazimishe ikimbie kupita spidi yake, nikakataa kabisa. Mamake anataipu Word! Sasa mashine ndiyo inamngoja yeye. Hapo rudisha skrubu, weka bisibisi chini.

Naona napewa ishara ya saa, haya mbio mbio: programu zinazojiwasha zenyewe zima, vumbi la feni toa maana joto likizidi prosesa inajipunguzia spidi, na SSD usiidifragi, yaani usiipangie upya vipande vya faili, Windows inaishughulikia yenyewe. Ile ya Windows 10 kufungiwa masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025 inataka siku yake.

Nani amebeba laptopu? Dada wa kitambaa chekundu, hebu ilete hapa mbele, iwashe, tuangalie diski.