Kupamba Maandishi Ndani ya Lebo Moja kwa Flutter

Karibuni watazamaji. Katika video hii tutatengeneza lebo ya bei kwa ajili ya programu ya duka, ambayo katika sentensi moja ina bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari, bei mpya yenye herufi nzito za kijani, na maneno "Soma masharti" ambayo mteja anaweza kuyagusa. Tutatumia Flutter, zana ya kutengeneza programu za simu, na ninachukulia kwamba unaifahamu Dart, lugha yake, kiasi cha kuunda wijeti (kipande cha skrini) yako mwenyewe.

Wengi huanza kwa kupanga wijeti tatu za Text ndani ya Row, wijeti inayopanga vitu kwa safu ya mlalo. Kwenye skrini pana lebo hiyo hupendeza, lakini kwenye simu nyembamba utaona michirizi ya njano na nyeusi ikijitokeza ukingoni unapoijaribu, kwa sababu Row haishushi kilichozidi kwenye mstari unaofuata. Dawa yake ni kuyaacha maandishi yote yawe aya moja, kisha kuyagawa katika vipande vya TextSpan, kila kimoja na mtindo wake.

Fungua faili ya ukurasa wa bidhaa, ufute ile Row, na mahali pake uandike Text.rich. Ndani yake weka TextSpan ya kwanza, ambayo ndiyo mzazi, uipe fontSize ya 16 na rangi nyeusi, halafu ufungue orodha ya children. Mtoto wa kwanza ni "Bei: ". Wa pili ni "TSh 45,000", naye apewe decoration ya TextDecoration.lineThrough. Wa tatu ni "TSh 38,000", mwenye FontWeight.bold na Colors.green. Hakuna haja ya kurudia ukubwa wa herufi, kwa kuwa mtoto hurithi kwa mzazi kila sifa ambayo hakupewa yake.

Angalieni nafasi kati ya bei hizi mbili. Flutter haiongezi nafasi baina ya vipande, hivyo ni lazima uiandike mwenyewe ndani ya alama za nukuu. Iweke mwanzoni mwa bei mpya. Ukiiweka mwishoni mwa bei ya zamani, mstari wa kukata utapita hadi juu ya nafasi hiyo na kuonekana umeizidi tarakimu ya mwisho.

Mtakutana pia na wijeti iitwayo RichText, inayopokea TextSpan zilezile. Mimi siipendekezi kwa lebo za kawaida: hairithi mtindo wa programu yako, maandishi yasiyopewa rangi hutokea meupe, na ukubwa wa herufi aliouchagua mtumiaji kwenye mipangilio ya simu haufuatwi mpaka uipe textScaler, yaani kipimo cha kukuza maandishi.

Sasa tuongeze "Soma masharti". Ingiza pakeji ya flutter/gestures.dart, kisha uunde TapGestureRecognizer, yaani kitambuzi cha mguso, ndani ya initState inayoitwa mara moja wijeti inapoanza, wala si ndani ya build, kwa sababu build, inayochora wijeti, huitwa tena na tena na kila mara ingezaa kitambuzi kipya. Kikabidhi kwa kipande chako kupitia recognizer, na katika dispose ya wijeti, inayoitwa wijeti inapoondolewa, uite pia dispose ya kitambuzi hicho, kwani TextSpan haikisafishi yenyewe. Ndiyo maana lebo hii inahitaji StatefulWidget, aina ya wijeti yenye initState na dispose. Kipande hicho kipe rangi ya buluu na mstari chini yake, ili mteja ajue kwamba kinaguswa.

Kuna jambo ambalo macho hayalioni. Mtu asiyeona, anayetumia TalkBack au VoiceOver, visomaji vya skrini vya simu, atasomewa bei mbili mfululizo bila kuambiwa ipi imefutwa, kwa kuwa mstari wa kukata ni mchoro tu. Kwa hiyo bei ya zamani iongezee semanticsLabel, yaani maneno yatakayosomwa na kisomaji badala ya yanayoonekana, yenye maneno "bei ya awali shilingi 45,000", na mpya iwe "bei ya sasa shilingi 38,000", ukianza kila moja kwa nafasi ili maneno yasishikane.

Hifadhi faili, nenda kwenye mipangilio ya simu, ukuze maandishi hadi kiwango cha mwisho, kisha urudi kwenye ukurasa. Lebo inapaswa kuteremka mstari wa pili yenyewe, huku rangi na mikato yake ikibaki ilivyo. Ikikatika ukingoni, tafuta maxLines au SizedBox yenye kimo maalumu uliyoiacha juu yake, uiondoe.