Profesa Ali Mazrui: Baba, Babu na Mwalimu Aliyelea Ughaibuni

KAKA: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo hatuna mgeni, ni mimi na dadangu tu, na tunamkumbuka Profesa Ali Mazrui. Najua wengi wenu mnamjua kwa siasa na kwa televisheni na kwa yale malumbano yake na wasomi wenzake, ila leo tumekubaliana tumzungumzie kama mwalimu na kama mzee aliyelea watoto kwenye nchi za watu.

DADA: Na ni mimi niliyeomba iwe hivyo, manake kila ukimtafuta Mazrui unaletewa vyeo, vyeo, vyeo, mtu mwenyewe humwoni. Haya. Kazaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933, babake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, mtu wa elimu haswa, alikuwa hata akitoa gazeti lake hapa Mombasa miaka hiyo ya 1930. Sasa mzee akafariki 1947 na kijana ana miaka 14 tu.

KAKA: Na mzee alikuwa anataka kijana aende Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu kule Misri, afuate nyayo zake.

DADA: Enhe, na haikuwa. Mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari ukamtoa daraja la tatu, chuo cha Makerere kule Uganda wakamkataa.

KAKA: Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Mtoto wa Kadhi Mkuu, baba hayupo, cheti hakimfikishi popote, basi akaenda akaajiriwa pale MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu Mombasa, ile ambayo leo ndiyo Technical University of Mombasa, na si kama mwalimu wala nini, kazi ya ukarani, halafu baadaye akawa anaangalia wanafunzi wa bweni. Mtu angeweza kukwama hapo maisha yake yote, na wako waliokwama hapo wakiwa na akili zao vilevile.

DADA: Kilichomtoa ni mdomo wake. Kulikuwa na maulidi, yeye akasimama akatoa hotuba, na gavana wa wakati huo Sir Philip Mitchell alikuwepo anasikiliza, kutoka hapo mambo yakaanza kusogea mpaka akapata skolashipu ya serikali akaenda Uingereza 1955. Kaanzia Huddersfield, tena kama mtu wa kurudia masomo ya sekondari kabisa, kisha Manchester akamaliza digrii 1960, Columbia kule New York akachukua masta 1961, halafu Oxford.

KAKA: Na kabla hajamaliza hiyo ya Oxford tayari yuko Makerere anafundisha.

DADA: Chuo kilekile!

KAKA: Chuo kilekile kilichomkataa. Kaingia 1963, kufikia 1965 ni profesa kamili na ana miaka 32, udaktari wenyewe kaja kuupata 1966. Waliosoma Makerere miaka hiyo watakwambia, Mazrui akiwa na mhadhara pale Main Hall watu walikuwa wanasimama mpaka nje kwenye madirisha, na si wa siasa peke yao, wa utabibu wanakuja, wa ukulima wanakuja, watu wa mjini Kampala tu wanakuja.

DADA: Mimi sauti yake nimeisikia kwenye zile Reith Lectures za BBC alizotoa 1979, mihadhara sita kuhusu hali ya Afrika. Anaongea taratibu, anaweka jambo moja, anakuwekea kinyume chake palepale, halafu anakuacha nalo kidogo kabla hajaendelea. Huo ni ualimu. Hakumezeshi jibu.

KAKA: Sasa tuje kwenye kuhama, manake hii watu wanaikosea sana. Wanasema fulani alikimbilia Marekani. Jamani. Mwaka 1972 Idi Amin anawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, Mazrui anapinga hadharani, yuko palepale Kampala, ana mke na watoto wadogo nyumbani. Utakaa hapo mpaka lini? 1973 akaondoka, 1974 yuko Chuo Kikuu cha Michigan, akakaa huko mpaka alipohamia Binghamton, jimbo la New York.

DADA: Na kuhamia ugenini ukiwa na familia si sawa na kwenda kusoma peke yako. Ukisoma unajua utarudi. Lakini ukiwa baba, watoto wanaanza shule kule, wanapata marafiki kule, lugha ya mchezo inakuwa ya kule, kila mwaka unaoongezeka ndio unakuwa mgumu kurudi. Mke wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, wakapata wavulana watatu, baadaye akaoa mke kutoka Nigeria wakajaliwa wengine wawili, na kuna binti pia waliyemlea kama wao. Kisha wajukuu. Kwa hiyo yale aliyokuwa akifundisha kila siku, kwamba Mwafrika ana urithi wa aina tatu, wa asili yake na wa Uislamu na wa Magharibi, mzee alikuwa akirudi nyumbani jioni anayakuta mezani.

KAKA: Hebu sema kuhusu ile barua.

DADA: Ah, barua! Hii ndiyo iliyonifanya nitake kipindi hiki. Mazrui alikuwa na barua ya kila mwaka kwa jamaa na marafiki, kila mwaka, na mtu huyu ana vitabu zaidi ya ishirini na yuko kwenye ndege kila wakati. Ukiisoma, hapa anasimulia safari zake na mihadhara, na vita vya huku na uchaguzi wa kule, mara anaingia kwenye familia, nani kafanya nini, nani anasoma wapi, nani kafariki tukamzike. Zote ndani ya barua moja. Kwangu mimi hapo ndipo baba na mwalimu walipokuwa mtu mmoja, ukiwa mtoto wake unapata habari za dunia, ukiwa mwanafunzi wake unapata habari za watoto.

KAKA: Mimi babu yangu naye alifundisha nje miaka mingi, na barua yake ikija nyumbani ilikuwa haisomwi mpaka kwanza tufungue atlasi tuonyeshe kwa kidole mji alioandikia. Tulikuwa tunagombania hiyo atlasi. Kwa hiyo naelewa kabisa, mtu yuko mbali na bado anakulea.

DADA: Na Kiswahili hakukiacha. Yeye na Alamin Mazrui, bingwa wa isimu wa ukoo huohuo, waliandika pamoja kuhusu Kiswahili na siasa yake, huku wote wako Marekani.

KAKA: Alifariki tarehe 12 Oktoba 2014 kulekule New York, miaka 81, na akaletwa nyumbani. Maiti iliingia Mombasa Jumapili alfajiri, akaswaliwa msikiti wa Mbaruk pale Mji wa Kale, akazikwa makaburini kwa Mazrui, hapo karibu na Fort Jesus. Miaka arubaini Marekani, na kaburi ni la kwao.

DADA: Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini kakangu mimi nitasema, kuna kitu tulikosa. Watoto wa Michigan na Binghamton walikaa naye darasani wiki baada ya wiki, sisi watoto wa Pwani tukampata kwa televisheni, kwa ile silsila yake ya vipindi tisa kuhusu Afrika, The Africans, ya 1986.

KAKA: Sasa si alikuja kuwa chansela wa JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia hapa Kenya, 2003 mpaka 2009? Wako vijana wengi tu waliotunukiwa digrii zao na Mazrui mwenyewe.

DADA: Hiyo ni siku ya mahafali, na joho, na picha. Mimi nasema darasani, mtoto wa Mombasa anyooshe mkono ambishie Mazrui, naye amjibu kwa Kiswahili cha Mombasa. Hilo ndilo nililolitaka, na bado linaniuma.