Imepakwa Rangi, Haikupimwa: Mhadhara Kuhusu Injini ya Boti Iliyofungwa Vibaya

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na nyinyi wenye boti mliokuja kujua kwa nini mafundi hupenda kuwapa majibu ya kuzunguka mbuyu: karibuni.

Nimeombwa nizungumzie injini inayokufa muda mfupi baada ya kufanyiwa ovahali, yaani kufunguliwa yote na kufungwa upya. Nimechagua moja, dizeli ya silinda sita, niliyoitwa kuifungua baada ya kunoki ikiwa majini. Aliyeifunga simtaji, wala karakana yake siitaji, maana haitatusaidia. Niseme tu kwamba hakuwa mwanagenzi. Injini ilikuwa na rangi mpya, hosi mpya, klipu mpya, na siku ya kukabidhiwa iliitika kwa funguo moja. Mwenye boti akalipa, akashukuru. Safari ndefu ya kwanza taa ya oili ikawaka, mlio ukabadilika, na kabla hajawahi kuizima krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imeshakamatana na beringi, vile vikombe vya metali ambamo inazunguka.

Mwenye boti aliniuliza swali ambalo kila mteja huuliza: mbona karakanani ilikuwa nzima?

Haikuwa nzima. Oili ikiwa baridi ni nzito, na uzito huo unaficha mengi. Hata beringi zikiwa na nafasi kubwa kupita kiasi, oili baridi haitoki haraka pembeni, kwa hiyo geji ya presha inapanda na kila aliyesimama pale anatabasamu. Oili ikishapata moto sawasawa inakuwa nyepesi, inachuruzika pembeni mwa beringi upesi kuliko pampu inavyoileta, na presha inaanguka. Halafu tukumbuke kwamba boti haina mteremko. Gari likiwa kwenye barabara tambarare linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Boti inayokimbia inaibana injini karibu na mwisho wa uwezo wake, saa baada ya saa. Injini ikiunguruma dakika kumi bila mzigo, kinachothibitika ni kwamba inawaka, basi.

Nilipoteremsha sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, chujio la kufyonzea oili lilikuwa limezibwa karibu nusu kwa silikoni. Mnajua inavyofika pale. Fundi anapaka silikoni nene kwenye ukingo wa sampu, anabana boluti, nyingine inatokeza nje. Ile ya nje anaiona, anaifuta kwa kitambaa, kazi inapendeza. Lakini kiasi kile kile kimetokeza na ndani, na huko hakuna wa kukifuta. Kinakauka, kinakatika, kinaelea kwenye oili mpaka kifyonzwe. Mimi huwa na wasiwasi na karakana yenye chupa nyingi za silikoni. Mara nyingi inapakwa nene ili kufunika uso ambao mtu hakutaka kuusugua.

Basi nikafungua beringi. Uso wa beringi hutengenezwa kwa metali laini kwa makusudi, ili chembe ndogo ya uchafu ikipita izame humo badala ya kuikwaruza krenki. Zile nilizozitoa zilikuwa zimejaa chembe hizo mpaka haziwezi kumeza zaidi, zinameremeta ukizielekeza kwenye mwanga. Hazikuwa chembe za chuma. Ulikuwa unga wa jiwe, ule unaotoka silinda zinapopigwa honi, yaani kusuguliwa ndani kwa jiwe, na unaomwagika nyuso zinaposuguliwa kwa diski ya msasa. Mtu alisafisha bloki, ule mwili mkuu wa injini, kwa kuimwagia dizeli na kuipuliza kwa hewa, akaridhika.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo injini nyingi zinapouawa. Dizeli na petroli zinaondoa mafuta. Chembe za jiwe zinabaki zimejikita kwenye mikwaruzo ile ile ambayo honi imeiweka kwa ajili ya kushika oili. Zinazozitoa ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, na baada ya hapo unakausha haraka na kupaka oili kabla kutu haijaanza. Kisha unachukua kitambaa cheupe chenye oili, unakipitisha ndani ya silinda. Kikitoka cha kijivu, unarudi kwenye sabuni. Njia za oili ndani ya bloki na ndani ya krenki zina vizibo vyake. Vizibo vinafunguliwa, brashi nyembamba inapita mwanzo hadi mwisho. Wapo mafundi wanaonicheka nikitaja sabuni, wanaona ni mambo ya jikoni. Wanaifanya kazi ya siku nzima kwa robo saa, na mteja hawezi kuiona tofauti kwa sababu bloki chafu na bloki safi zikishafungwa zinafanana.

Krenki yenyewe haikuwa imekerezwa. Ilikuwa imesuguliwa kwa msasa wa mkono mpaka ikang'aa. Nilipopima kwa mikromita, shingo moja, yaani sehemu ya krenki inayokaa ndani ya beringi, haikuwa duara tena, na nafasi ya oili kwenye beringi yake ilikuwa kama milimita 0.15. Kwa shingo yenye kipenyo cha milimita 75 au hivi, nafasi ya kawaida ni kati ya milimita 0.05 na 0.08, yaani kadiri ya unene wa unywele. Kidole hakiwezi kuhisi tofauti hiyo. Hata jicho la fundi wa miaka mingi haliwezi. Ule uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi ni kitu kidogo mno: unaulaza juu ya shingo, unabana kofia ya beringi kwa kipimo chake, unafungua, unasoma upana ulioenea. Kuna mtu hapa atasema yeye anazungusha krenki kwa mkono na kusikilizia. Sawa, asikilizie, lakini apime kwanza.

Boluti za kichwa cha silinda nazo zilikuwa na hadithi. Spana ya toki, ile inayolia ukifika kipimo cha kukaza, ilitumika, hilo sibishi. Tatizo ni kwamba spana ile haipimi jinsi boluti inavyobana. Inapima jinsi inavyogoma kuzunguka. Unapokaza, takriban asilimia 10 tu ya nguvu yako ndiyo inayovuta boluti. Iliyobaki inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha boluti na kwenye hesi, ile mizunguko ya skrubu. Kwa hiyo hesi yenye kutu inakupa mlio wa “tik” mapema, nawe unadhani umebana. Ukiweka oili pale ambapo kitabu cha mtengenezaji kimesema kavu, unavuta boluti kupita kiasi kwa kipimo kile kile. Na kama tundu la boluti halina njia ya kutokea na limejaa oili au maji, boluti inagandamiza kimiminika ambacho hakikubali kushindiliwa, na bloki inaweza kupasuka. Kwenye injini hii matundu mawili yalikuwa na matope ya zamani chini kabisa, boluti zake zimeishia juu ya matope, gasketi pale ilikuwa inavuja maji kidogo kidogo. Oili ilikuwa imeshaanza kuwa kama chai ya maziwa. Hata beringi zisingekamata, injini ile ingerudi karakanani.

Nakuja kwenye jambo ambalo fundi wa magari, hata awe hodari namna gani, hulikosea kwa sababu kwenye gari halipo. Konrodi moja, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilikuwa imepinda kidogo. Injini nyingi za boti humwaga maji ya bahari ndani ya bomba la eksozi kulipoza, na moshi ndio unaoyasukuma nje. Sasa injini mpya haiwaki upesi, hewa haijatolewa vizuri kwenye njia ya dizeli, fundi anapiga stata, anapumzika, anapiga tena. Pampu ya maji ya bahari inazunguka kila mara, moshi haupo. Maji yanajaa silensa, yanapanda, yanaingia kupitia valvu ya eksozi iliyo wazi. Pistoni ikipanda inakutana na maji, na kinachosalimu amri ni konrodi. Injini bado inaweza kuwaka baada ya hapo! Inatoa moshi mweupe zaidi kidogo, silinda moja mgandamizo wake uko chini, na kila mtu anasema itakaa sawa ikishazoea. Dawa yake ni kufunga koki ya maji ya bahari wakati wa kupiga stata muda mrefu, na kuifungua mara tu injini inapowaka, kabla raba ya ndani ya pampu haijaungua kwa kukosa maji.

Wenye boti, mnaweza kudai nini? Dai karatasi ya vipimo: shingo za krenki, silinda, nafasi ya beringi, pengo la ringi (pete za pistoni), kimo cha slivu (mirija ya silinda inayopachikwa) juu ya bloki kama zipo, kila kimoja na kikomo cha mtengenezaji pembeni yake. Dai pia urudishiwe beringi na ringi za zamani kwenye boksi. Fundi aliyepima haoni tabu kuandika alichokipima. Aliyekasirika kwa kuombwa karatasi, mimi nimeshamwelewa.

Ndugu mmoja hapa mbele ameuliza kama ovahali mpya iendeshwe taratibu kwa siku nyingi ili “isiumie”. Hapana, kaka. Ringi zinakaa kwa kusukumwa na mgandamizo, na mgandamizo unaletwa na mzigo. Ukiiacha iungurume bila mzigo kwa muda mrefu, silinda zinakuwa laini kama kioo, ringi hazikai, na injini inaanza kula oili. Ipe mzigo wa kati, badilisha badilisha mwendo, usiishindilie mpaka mwisho kwa saa za mwanzo. Badilisha oili mapema kuliko kawaida, na filta ile ya kwanza usiitupe. Ikate, lakini usitumie msumeno, maana unga wake utaingia kwenye karatasi na kukudanganya. Tumia kikatio cha kuzunguka. Tandaza ile karatasi, ikamue, pitisha sumaku. Vinavyonata ni chuma: ringi, gia, pengine krenki yenyewe. Visivyonata, vya rangi ya fedha au shaba, vinatoka kwenye beringi au pistoni, na ukiviona kwa wingi, boti isitoke mpaka sampu iteremshwe.